Halmashauri imepeleka ripoti ya mwanangu kwa mtalaka wangu: nilalamike wapi, na nitegemee nini?

*"Naishi England na wanangu wawili. Baada ya kuachana na mume wangu nilihama, nikaipa halmashauri anwani mpya. Hata hivyo idara ya watoto imetuma ripoti ya tathmini ya mwanangu kwenye anwani ya zamani, anakoishi mtalaka wangu na ndugu zake. Ndani mna ugonjwa wa mtoto, mambo niliyomweleza afisa ustawi wa jamii kuhusu ndoa yangu, na shule anayosoma sasa. Wifi yangu alipiga picha kurasa mbili akazirusha kwenye kundi la WhatsApp la jamii yetu. Halmashauri wananiambia ni kosa la kibinadamu, wanasikitika, na suala limefungwa. Nilijaza fomu ya malalamiko kwenye tovuti yao, wiki saba sasa kimya. Rafiki yangu anasema walitakiwa kuniarifu ndani ya saa 72, kwa hiyo kesi wameshashindwa. Mwingine ananiambia nisithubutu, maana nasubiri nyumba na viza yangu haijakamilika. Tena kuna kampuni imenipigia ikisema itanidai fidia bila mimi kutoa hata senti. Nifanye nini?"*

Dada yangu, pole sana. Mambo ambayo mtu humweleza afisa ustawi wa jamii ni yale ambayo pengine hajamweleza hata mama yake mzazi, na wewe umeyakuta kwenye simu za watu. Una haki ya kukasirika, na una haki ya kupewa maelezo kamili. "Suala limefungwa" si neno la halmashauri kulitamka peke yake.

Kabla ya malalamiko, usalama. Hujasema kama uliondoka kwenye nyumba ile kwa vitisho au kipigo. Kama ndivyo, jina la shule ndilo jambo zito kuliko yote yaliyomo kwenye ripoti hiyo, na halisubiri majibu ya barua. Leo hii zungumza na mwalimu anayeshughulikia ulinzi wa watoto shuleni, mweleze nani anajua mtoto yuko pale na nani haruhusiwi kumchukua. Mpigie afisa anayeshughulikia nyumba yako umwambie neno kwa neno kwamba taarifa zako zimefika kwa mtu unayemwogopa. Ukitishwa, au ukimwona mtu huyo karibu na shule au nyumbani, piga 999. Kisha idai halmashauri ikuthibitishie kwa maandishi kwamba anwani yako imesahihishwa katika idara zote. Nasisitiza zote, na sababu yake utaiona hivi punde.

Sasa niyanyooshe uliyoambiwa, maana kuna ukweli na kuna uvumi.

Saa 72 zipo, ila si zako. Kanuni ya ulinzi wa data ya Uingereza, inayokwenda sambamba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2018, inaitaka taasisi iliyovujisha taarifa kumjulisha mdhibiti wa kitaifa, yaani ofisi ya Kamishna inayojulikana kama ICO, ndani ya saa 72 tangu ilipogundua. Wajibu huo huondoka pale tu ambapo haielekei kwamba watu watadhurika. Kukujulisha wewe ni wajibu mwingine: hutokea hatari kwako inapokuwa kubwa, na hapo sheria haitaji saa, inasema pasipo kuchelewa bila sababu. Kwa maoni yangu kisa chako kinaangukia kwenye hatari kubwa. Kina afya ya mtoto, ambayo sheria inaiweka kwenye kundi la taarifa zinazohitaji ulinzi wa ziada, na kina mahali anapopatikana mtoto, na vyote vimefika kwa mtu ambaye hukutaka avijue. Lakini usiiandikie halmashauri kwamba "mmevunja saa 72" kabla hujajua kama walimjulisha mdhibiti au hawakumjulisha. Waulize. Jibu lao litakusaidia kuliko tuhuma ambayo wanaweza kuipangua kwa sentensi moja.

"Kosa la kibinadamu" nalo ni maelezo, si utetezi. Sheria haisemi kwamba wafanyakazi wasikosee kamwe. Inasema taasisi iweke utaratibu unaolingana na uzito wa taarifa inazoshika, ili mkono wa mtu mmoja ukiteleza pawe na kitu cha kuuzuia. Kwa hiyo swali si kama karani alikosea. Swali ni kwa nini ripoti ya mtoto iliweza kutoka nje ya jengo bila mtu wa pili kuitazama anwani.

Kuhusu viza na nyumba, nakuelewa kabisa, na hofu hiyo nimeisikia kwa wengi wetu. Haki hizi hazitegemei uraia. Ni za kila mtu ambaye taarifa zake zinashikwa na halmashauri, awe mzaliwa, mkimbizi au mwenye ombi linalosubiri. ICO si idara ya uhamiaji, na kulalamika juu ya taarifa zako si kosa linaloandikwa kwenye faili la viza. Foleni ya nyumba ina vigezo vyake, na malalamiko si kimojawapo. Ukiona baada ya kulalamika huduma inabadilika ghafla, andika tarehe, jina la aliyekuhudumia na maneno yake. Hilo linakuwa lalamiko jingine, na zito zaidi.

Wengi huidhania halmashauri kuwa ofisi moja yenye faili moja la kila mkazi. Haiko hivyo. Kodi ya halmashauri ina mfumo wake, nyumba ina wake, idara ya watoto ina wake, elimu na maegesho vilevile, na mara nyingi mifumo hiyo haizungumzi. Ulipotoa anwani mpya, huenda aliyekupokea aliiandika kwenye mfumo wa idara yake tu, na ile ya zamani ikabaki imelala kwenye faili la mtoto ikisubiri barua ya kwanza kuchapishwa. Pengine uchapishaji wenyewe hufanywa na kampuni ya nje, inayopokea orodha na kuitumia kama ilivyo. Haya hayaiondolei halmashauri wajibu, kwa sababu sheria inadai taarifa ziwe sahihi na za wakati, na mwenye kuamua zitumikeje ndiye anayewajibika hata akimpa mwingine kazi ya kutia barua kwenye bahasha. Lakini ukijua njia ambayo kosa limepitia, utajua cha kuuliza.

Njia ziko nyingi. Jina huchomoza lenyewe unapoandika barua pepe, afisa akabofya la mtu mwingine. Karatasi mbili zilizotoka pamoja kwenye printa huingia bahasha moja. Na pengine ni uzembe wa kutisha: mwaka 2017 Halmashauri ya Kaunti ya Norfolk ilitozwa pauni 60,000 baada ya mafaili ya idara ya watoto kukutwa ndani ya kabati lililouzwa kwenye duka la mitumba. Mwaka huohuo Halmashauri ya Basildon ilitozwa pauni 150,000 kwa kuchapisha mtandaoni, kwenye nyaraka za maombi ya ujenzi, habari nyeti za familia moja, zikiwemo za afya.

Faini hizo nakutajia ujue jambo hili si dogo, si kwa sababu nategemea utaiona moja. Kwanza, faini haimwendei aliyeumia. Pili, tangu Juni 2022 Kamishna amechukua msimamo wa kupunguza faini kwa taasisi za umma, kwa hoja kwamba pesa hiyo hutoka mfuko uleule unaowahudumia wananchi, na badala yake hutoa zaidi karipio la maandishi. Halmashauri ya Hackney, jijini London, iliyovamiwa na wadukuzi mwaka 2020 kwa tukio lililogusa wakazi wasiopungua 280,000, ilipewa karipio mwaka 2024, bila faini. Mimi naona hoja hiyo ina mantiki upande wa fedha, ila inamwacha aliyeumizwa akiwa na karatasi tu mkononi. Nakwambia mapema ili matumaini yako uyaweke panapostahili.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Fomu uliyojaza kwenye tovuti huenda imeangukia kwenye kapu la malalamiko ya jumla, pamoja na ya takataka na mashimo barabarani. Andika upya, barua pepe moja, kwa afisa wa ulinzi wa data wa halmashauri. Kila taasisi ya umma inalazimika kuwa na afisa huyu, na anwani yake imo kwenye ukurasa wa tovuti unaoeleza jinsi wanavyotumia taarifa za watu. Yeye ndiye mwenye daftari la matukio. Sheria inaitaka halmashauri iandike kila uvujaji, hata ule ambao haukulazimu kuripotiwa kwa ICO: nini kilitokea, kilileta athari gani, na hatua gani zilichukuliwa. Kwa hiyo iwapo suala lako kweli "limefungwa", pawe na ukurasa unaoonyesha lilifungwaje.

Andika kwa utulivu, takriban hivi:

*"Tarehe fulani ripoti ya mwanangu ilitumwa kwenye anwani niliyoacha kuitumia tarehe fulani, ambayo nilikuwa nimeibadilisha kupitia idara fulani. Naomba mnieleze: ni taarifa zipi hasa zilitoka na kwa nani, mlifanya nini ili zirudishwe au zifutwe, na lini, mliipimaje hatari kwangu na kwa mwanangu, mkizingatia kwamba shule imetajwa, kama mliijulisha ICO, na kama hamkuijulisha, kwa sababu gani, kwa nini mimi sikuarifiwa na ninyi, na mmebadilisha nini ili lisitokee tena. Naomba pia uthibitisho kwamba anwani yangu ni sahihi katika mifumo yenu yote."*

Pamoja nayo, kwa ujumbe tofauti, omba kupewa nakala ya taarifa zako. Ombi hili ni bure, na wana mwezi mmoja kulijibu, ingawa wanaweza kuongeza miezi miwili kama jambo ni gumu. Usiombe "kila kitu mlichonacho kunihusu", watakuletea rundo la karatasi lenye mistari myeusi baada ya muda mrefu. Omba kumbukumbu za mabadiliko ya anwani yako na ya mtoto katika kila mfumo, na mawasiliano ya ndani kuhusu utumaji wa ripoti ile. Karatasi ya kumbukumbu za mabadiliko ndiyo hukata ubishi, kwa kuwa inaonyesha nani aliingiza nini na siku gani. Nimeona visa ambapo mkazi aliambiwa kwamba hakutoa taarifa ya kuhama, kisha kumbukumbu zikaonyesha alitoa na tarehe ikiwepo.

Jiandae pia kwa jibu moja ambalo wengi hawalitarajii. Halmashauri inaweza kusema kwamba baba wa mtoto ana mamlaka ya kisheria ya mzazi, kwa hiyo alikuwa na haki ya kujua hali ya mwanawe. Kuna ukweli ndani yake, na usiukatae wote. Kuna mambo kuhusu mtoto ambayo baba huyo anaweza kuruhusiwa kuyajua. Lakini kumshirikisha mzazi ni uamuzi unaopaswa kufanywa na mtu, baada ya kupima usalama, na kuandikwa. Haufanyiki kwa bahati mbaya kupitia anwani iliyokufa. Zaidi ya hayo, uliyoyasema kuhusu ndoa yako ni taarifa zako wewe, na wifi yako hana mamlaka yoyote ya mzazi.

Wasipojibu, au wakijibu kwa mistari miwili ya pole, nenda ICO. Hakuna malipo, na huhitaji wakili. Wao hutaka kwanza uwe umeipa taasisi nafasi ya kujibu, na kwamba usikawie zaidi ya miezi mitatu tangu mawasiliano yenu ya mwisho yenye maana. Sheria mpya ya mwaka 2025 kuhusu matumizi ya data imeongezea taasisi wajibu wa kukiri zimepokea lalamiko la aina hii ndani ya siku 30 na kulishughulikia pasipo kuchelewa bila sababu. Tarehe iliyopangwa ya kuanza kwa wajibu huo ni 19 Juni 2026. Kwa vyovyote, wiki saba za ukimya zinatosha kukupeleka mbele, ila tuma kwanza barua niliyokuandikia na uwape mwezi.

Usiitegemee ICO kuwa wakili wako. Itasoma karatasi zako na za halmashauri, kisha itatoa maoni kama sheria ilifuatwa, na inaweza kuiagiza halmashauri irekebishe mambo. Haitoi fidia. Ina uhuru mkubwa wa kuamua ichunguze kwa kina gani, na Mahakama ya Rufani ilithibitisha hilo mwaka 2023. Ikipita miezi mitatu bila kukupa jibu wala taarifa ya maendeleo, unaweza kuliomba baraza la rufaa liiamuru ICO iendelee, lakini baraza hilo halibadilishi maoni ambayo ICO imeshayatoa.

Kuna mlango mwingine, wa mchunguzi huru wa malalamiko ya serikali za mitaa na huduma za jamii kwa England. Yeye huwa anayaelekeza masuala ya taarifa binafsi kwa ICO. Lakini kama ripoti iliyopotea ni sehemu ya mambo mengi, kwa mfano tathmini ilichelewa, simu hazikupokelewa, na mtoto akakosa huduma, basi fuata hatua zote za malalamiko ya kawaida ya halmashauri hadi ya mwisho, kisha mpelekee yeye. Muda wake ni miezi 12 tangu ulipojua tatizo. Anaweza kupendekeza ulipwe kiasi fulani kwa usumbufu, na ingawa mapendekezo yake hayana nguvu ya hukumu, halmashauri kwa kawaida huyatekeleza.

Fidia. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo kampuni za simu zinapowinda. Sheria inakuruhusu kudai fidia mahakamani kwa hasara ya fedha na pia kwa maumivu ya moyo. Halmashauri inaweza hata kukulipa kwa makubaliano bila kesi, na hakuna ubaya kuliomba hilo kwenye barua. Ila uvujaji peke yake hauzai pesa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Lloyd dhidi ya Google, chini ya sheria ya zamani, ilikataa fidia inayodaiwa kwa sababu tu mtu alipoteza udhibiti wa taarifa zake. Lazima madhara yaonyeshwe. Mwaka huohuo mahakama ilitupa dai la familia ambayo wakili wa shule alikosea herufi moja ya barua pepe, ujumbe ukaenda kwa mgeni aliyetoa taarifa na kuufuta upesi. Lakini mwaka 2025, katika kesi ya Farley, ambapo taarifa za pensheni za polisi zilitumwa kwenye anwani za zamani, Mahakama ya Rufani ilisema hakuna kiwango cha chini cha uzito ambacho dai lazima likivuke, na kwamba hofu ya taarifa kutumiwa vibaya inaweza kulipwa mradi iwe na msingi, isiwe ya kufikirika. Wewe una zaidi ya hofu: ripoti ilifunguliwa, ikapigwa picha, ikasambazwa. Dai lako lina miguu. Hata hivyo madai mengi ya namna hii huishia kwenye viwango vya chini, na yanaposikilizwa katika ngazi ya madai madogo, gharama za wakili kwa kawaida hurudishwi hata ukishinda.

Ndiyo maana sipendi haraka ya kampuni iliyokupigia. Jiulize kwanza walijuaje kilichokupata. "Bila malipo" mara nyingi humaanisha watakata sehemu ya utakachopata, na mkataba unaweza kuwa na ada ukijitoa katikati au bima unayotakiwa kulipia. Usisaini kitu kwa simu, wala usiwatumie ripoti ya mtoto, maana hapo utakuwa unaisambaza mara ya pili. Una muda: dai la taarifa binafsi kwa England na Wales lina miaka sita. Dai la haki ya faragha chini ya Sheria ya Haki za Binadamu ndilo la kuangalia saa, kwa kuwa lina mwaka mmoja tu tangu tukio.

Na wifi. Halmashauri ilifungua mlango, lakini aliyerusha picha ni yeye, na kosa lake halilifuti la halmashauri. Mwombe mtu anayesimamia kundi afute ujumbe, na kabla haujafutwa hifadhi picha ya skrini yenye tarehe na jina la aliyetuma, kwa ushahidi tu; usiisambaze. Idai halmashauri imwandikie rasmi arudishe karatasi na kufuta nakala, kwa sababu nyaraka zile ni zao na kujaribu kuzuia madhara ni wajibu wao. Akiendelea kukusema au kukutisha kwa yaliyomo, hilo ni jambo la polisi. Najua wazee wa pande zote wataombwa waketi. Wakae, ikiwa unaona itakusaidia na ni salama kwako, lakini kikao kisiwe sababu ya kukuomba uache kuidai halmashauri. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mtafute mtu wa kuonana naye ana kwa ana katika hali hizi: kama kuna kesi ya malezi ya mtoto inayoendelea mahakamani, mpelekee wakili wako wa masuala ya familia ripoti na maelezo ya uvujaji kabla hujamwandikia mtu yeyote, kwa sababu nyaraka za kesi hizo zina kanuni zake za usiri. Kama uliondoka kwa ukatili, kaa na mshauri wa masuala hayo upange upya usalama, ikiwemo kama mtoto abaki shule ile. Kama mwezi umepita baada ya barua yako na unafikiria mahakama, pitia Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri wa bure, au kituo cha sheria cha eneo lako wasome karatasi zako kabla hujalipa ada yoyote. Kama hujiwezi kwa Kiingereza cha kisheria, unaweza kuomba mkalimani, na usikubali awe mtu wa kundi lile la WhatsApp.

Anza na barua ya afisa wa ulinzi wa data wiki hii, huku tarehe ya kila simu uliyopiga ikiwa imeandikwa pembeni yake. Jibu lao likifika, lisome ukiwa na yale maswali mkononi, uweke alama kwenye kila ambalo halikujibiwa. Hayo ndiyo utakayoyapeleka ICO.